Kompyuta Mpya, Programu ya Zamani

Ilunga Kabwe Patrick alikuwa kwenye orodha. Mdogo wake Désiré hakuwemo. Namba yake ilikuwepo, asilimia yake ilikuwepo, ila mahali pa jina palikuwa peupe. Chini kidogo Thérèse naye alikuwa ametoweka, halafu Joël, halafu Félicité. Papa Prefe, mkuu wa shule moja ya binafsi hapa hapa Bel-Air, aliniletea karatasi nyumbani kwa mkono wake, na wazazi walikuwa wanazingojea buletini za alama Jumamosi. "Mama," akasema, "batoto bamoja balipotea mu listi." (Majina nimeyabadilisha. Alama juu ya herufi ni zile zile.)

Mwandishi wa shule aliapa kwamba hakuna aliyeigusa programu, na alisema kweli. Kilichobadilika ni kompyuta. Ile ya zamani iliungua usiku mmoja umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika. Fundi akaleta nyingine, akaiwekea PHP mpya, akanakili folda ya programu kutoka kwenye diski iliyookolewa, akabonyeza. Ikafunguka. Ikahesabu. Ikachapa. Na kila mwenye é, è au ë akafutika jina zima, la ukoo na la ubatizo pamoja. Wiki hiyo hiyo mwandishi akashindwa kumwandikisha mtoto mgeni wa jina la N'Kulu. Kila akitaka kuhifadhi, programu inakataa.

"Virusi," akasema fundi. Kwetu mtu akikosa jibu la kompyuta husema virusi, na mara nyingi hulipwa kwa jibu hilo.

Mimi naishi na kufanyia kazi hapa hapa, komini ya Kampemba, Lubumbashi, na majirani wananiita Mama Mashini. Nahudumia programu za mashule, za maduka ya dawa, na ya kanisa moja linaloweka hesabu zake vizuri kuliko maduka ya dawa. Nyingi sikuziandika mimi. Ziliandikwa na wanafunzi kama TFC, ile kazi ya kumalizia masomo, zikatetewa mbele ya walimu, zikapata alama nzuri, kisha zikauzwa kwa shule ya mjomba. Mwandishi wa programu ya namna hiyo leo yuko Kolwezi kwenye migodi au Afrika ya Kusini, na namba yake ya simu haipatikani. Programu imebaki, na haijui kwamba dunia iliyoandikiwa imekwisha kuhama.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Programu huandikwa kwa lugha, na si Kifaransa wala Kiswahili, bali lugha iliyobuniwa ili mashine ielekezwe, yenye maneno machache na sarufi isiyosamehe. PHP ni moja ya lugha hizo. Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliitangaza Juni 1995 ikiwa ni vifaa vidogo vya kutunzia ukurasa wake binafsi. Leo Wikipedia yote inaendeshwa nayo, na tovuti zote za WordPress. Lugha hizi hazikai zilivyo. Kila baada ya muda hutoka toleo jipya: maneno yanaongezwa, mengine yanapewa maana nyingine, mengine yanaondolewa kabisa. Programu iliyoandikwa kwa sarufi ya 2010 ikisomwa na mashine yenye sarufi ya leo, sentensi nyingi zitaeleweka, baadhi zitakataliwa, na baadhi zitaeleweka kwa maana ambayo mwandishi hakuikusudia. Hizo za mwisho ndizo zinazoninyima usingizi.

Turudi kwa Désiré. Programu ya shule ilikuwa imeandikwa enzi za PHP 5.3. Kabla ya kuonyesha jina, ilikuwa inalipitisha kwenye amri iitwayo htmlspecialchars, ambayo kazi yake ni kulisafisha lisije likabeba alama za kuharibu ukurasa. Amri hiyo inahitaji kujua herufi zimehifadhiwa kwa mtindo gani. Usipoiambia, inakisia. Zamani ilikisia mtindo wa Ulaya ya Magharibi, ISO-8859-1, ambamo é inachukua nafasi moja tu. Lilipotoka toleo la 5.4, Machi 2012, ikaanza kukisia UTF-8, mtindo wenye nafasi ya maandishi ya dunia nzima, ambamo é inachukua nafasi mbili. Ikikutana na é ya mtindo wa zamani, inaona nusu ya herufi. Na kwa kuwa nusu herufi ni mlango ambao wahalifu wamewahi kuupitia, amri hairekebishi wala haisemi kitu. Inarudisha utupu. Jina lote.

Sisi wa Kiswahili tuna bahati yetu: Mwamba, Kabwe, Mutombo, hakuna alama juu wala chini, yanapita popote. Ni ubatizo wa Kifaransa uliotuponza.

N'Kulu alikuwa na mkasa mwingine uliotokana na toleo lile lile. Programu inapoiambia hifadhidata "weka jina hili", jina huzungushiwa alama mbili za kukatia, moja mwanzo na moja mwisho, nazo ni zile zile tunazoandikia N'Kulu. Hifadhidata ikifika kwenye N inadhani jina limeisha hapo, na "Kulu" inakuwa amri isiyoeleweka. PHP za zamani zilikuwa na kinga ya kujiendesha iitwayo magic quotes, iliyoweka mkwaju mbele ya kila alama ya namna hiyo bila mwandishi kujua. Wengi hawakujua kabisa kwamba wanalindwa. Kinga yenyewe ilikuwa mbovu, ilijaza mikwaju pasipotakiwa na haikuzuia hila zote, ndiyo maana ikaondolewa katika 5.4. Kuondolewa kwake kulikuwa haki. Ila programu za TFC zilikuwa zimelala chini yake kwa miaka, na asubuhi moja zikaamka hazina shuka.

Katika vitabu vya kazi hii utasoma kwamba kuhamia toleo jipya ni mradi: unapanga tarehe, unajaribu pembeni, unahama. Kwetu toleo jipya halina tarehe. Linakuja siku kompyuta inapokufa. Radi, umeme, kikombe cha chai, mwizi; kisha kompyuta nyingine, na ndani yake lugha iliyoruka matoleo matatu kwa usiku mmoja. Hakuna aliyeamua kuhama. Shule inaamka iko ng'ambo.

Ndiyo maana ninaposikia vijana wakisema "programu yangu imekamilika, hainihitaji tena", nawauliza inakaa juu ya nini.

Ng'ambo ya pili ilikuwa kali zaidi. PHP 7.0 ilitoka Desemba 2015, na kundi zima la amri za kuzungumza na hifadhidata ya MySQL, zile zinazoanza na mysql_, halimo. Programu yoyote iliyotumia mysql_connect inafika mstari huo na kufa hapo hapo. Shule kadhaa za Kampemba zilinipigia kwa sababu hiyo hiyo, kila moja kwa wakati wake, kadiri kompyuta zao zilivyokufa. Na kila mmoja alilalamika kwamba watu wa PHP wamefanya jeuri.

Mimi siafiki. Amri mbadala, mysqli, ilikuja na PHP 5 mwaka 2004. Mwaka 2013, toleo la 5.5 likaanza kuonya kwa maandishi kila mtu aliyezitumia zile za zamani: zitaondolewa, hamia nyingine. Tangu mbadala kupatikana hadi za zamani kufutwa ni miaka 11. Huo ni muda wa mtoto kuanza darasa la kwanza akakaribia kufanya Examen d'État ya kumaliza sekondari. Mimi mwenyewe nimeona silabusi moja, iliyofundishwa mjini hapa baada ya PHP 7 kutoka, ikiwaelekeza wanafunzi waandike mysql_connect.

Basi kwa nini hakuna aliyesikia onyo? Kwa sababu tuliliziba mdomo. Fungua programu kumi za kurithi na utakuta, mstari wa kwanza au wa pili, error_reporting(0): usiniambie kitu. Utakuta alama ya @ imebandikwa mbele ya amri, maana yake ni ile ile. Mwanafunzi alikuwa anajiandaa kutetea TFC, maonyo ya rangi yalikuwa yanaharibu sura ya ukurasa, akayazima, walimu wakapendezwa. Toka siku hiyo lugha ilisema kila asubuhi, miaka mingi, "hili linakwenda kuondolewa", na ilikuwa inazungumza na chumba kitupu. Nalitaja hili kwa ukali kwa kuwa ndilo ninaloliamini kuliko yote katika kazi yangu: programu nyingi hazikuuawa na toleo jipya. Ziliuawa na aliyezima maonyo. Tangu PHP 8.0, ya Novemba 2020, ile @ haizibi tena makosa ya kuua, nami nilifurahi.

Hadi hapa nimezungumzia programu za shule kana kwamba ziliandikwa zote na mtu mmoja. Si kweli. Hakuna anayeandika kila kitu. Kuchapa buletini kwa PDF ni kazi ngumu, na mtu mwingine ameshaifanya, akaiacha bure kwa wote. Unachukua kifurushi chake, unakiweka ndani ya programu yako, unaendelea. Kwa PDF, mashule karibu yote niliyoyakuta yanatumia FPDF ya Mfaransa Olivier Plathey, na sishangai: ni kifurushi chepesi, kina maelezo kwa Kifaransa, na hakihitaji kingine chochote. Lakini sasa una lugha inayosogea, programu yako, na kati yao kifurushi cha mtu mwingine ambacho nacho kimeandikwa kwa sarufi ya mwaka fulani.

FPDF za zamani zina kichekesho ninachokipenda. Kabla ya kuanza kuchora ukurasa, kifurushi kinaiuliza PHP: je, zile magic quotes zimewashwa? Swali la busara mwaka 2005. Zilipofutwa, swali halikufutwa. PHP iliendelea kujibu "hapana" kwa adabu, kila mara, kwa miaka minane. Katika 7.4 ikaanza kuonya kwamba hata swali lenyewe litaondoka. Katika 8.0 likaondoka. Basi shule iliyopata kompyuta mpya yenye PHP 8 ikashindwa kuchapa buletini hata moja kwa sababu kifurushi kiliulizia habari za kitu kilichokufa zamani. Kasoro hiyo hiyo iliyomfukuza N'Kulu ilirudi kupitia mlango wa nyuma.

Tiba haikuwa yangu. Plathey alikuwa ameshatoa matoleo ya FPDF yasiyouliza swali hilo. Nilichofanya ni kupakua faili moja na kulibadilisha. Huo ndio utunzaji wa vifurushi ninaotaka msomaji auone: mahali fulani kuna mtu ambaye, kila lugha inapotoa toleo, anakaa usiku akijaribu kifurushi chake juu yake, anaona kilichovunjika, anakishona, anakitoa tena. Wengi hawalipwi. Wewe na mimi tunapata buletini.

Upande wa lugha iitwayo Python, mambo haya yalikuwa makubwa kiasi cha kuigawanya jamii nzima. Guido van Rossum na wenzake walitoa Python 3.0 Desemba 2008, wakijua kwamba programu za Python 2 hazitaendeshwa nayo bila kurekebishwa. Moja ya sababu ilikuwa ile ile é: Python 2 ilichanganya maandishi na baiti ghafi, na Python 3 ikataka vitenganishwe. Watu wakagoma. Python 2 ilikuwa ipumzishwe 2015. Ikaongezewa miaka mitano hadi tarehe 1 Januari 2020. Dropbox, kampuni iliyokuwa imemwajiri van Rossum mwenyewe, haikumaliza kuhamisha programu yake ya kompyuta hadi 2018.

Wazee wa hapa wataelewa haraka nikiwakumbusha zaire mpya ya Oktoba 1993. Serikali ilisema milioni tatu za zamani ni moja mpya. Kasaï ikakataa, miaka mingi kule waliendelea kuuziana kwa noti za zamani. Mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyeshughulika na Mbuji-Mayi, kule Kasaï, alilazimika kujua pesa mbili, kuzibadilisha kichwani, na kukataa hasara ya kila upande. Ndivyo walivyofanya watunzaji wa vifurushi vya Python kwa zaidi ya miaka kumi: msimbo mmoja wenye kuishi pande zote mbili. Benjamin Peterson aliwatengenezea kifurushi cha kuwasaidia, akakiita six, maana mbili mara tatu ni sita. Nacho kilienea kila mahali. Lakini kujua pesa mbili kunachosha, na mwaka 1998, franga ya Kongo ilipokuja kwa zaire mpya laki moja, hakuna mfanyabiashara niliyemsikia akizililia zile mbili.

Python ilijifunza. Siku hizi inatoa toleo kila Oktoba, na kila moja linatunzwa miaka mitano, mabadiliko yakiwa madogo madogo. Madogo, lakini yapo. Toleo 3.12 la 2023 liliondoa distutils, vifaa ambavyo vifurushi vingi vya zamani vilivitumia kujisakinisha, na vikashindwa hata kuingia mlangoni. Na lilipotoka 3.10 mwaka 2021, watu waliojaribu vifurushi vyao kwa mitambo walikuta mitambo imesoma namba hiyo kama hesabu za darasani, ambapo 3.10 ni sawa na 3.1, ikaenda kutafuta toleo la 2009. Nilicheka mpaka mwanangu akaja kuuliza kuna nini.

Msidhani ni mambo ya vijana na programu za mitaani tu. Wizara yetu ya Afya hukusanya takwimu za zone za afya kwa DHIS2, programu huria inayoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, na Kenya, Uganda na Tanzania wanaitumia pia. Imeandikwa kwa Java. Toleo lake la 41 la mwaka 2024 linadai Java 17. Seva yenye Java ya zamani haiwezi kuliendesha. Kwa hiyo kubadilisha fomu ya malaria, kwa namna fulani, kunafungwa na uamuzi uliofanywa na watu wa Java mbali sana na Kongo.

Mimi nami nina kifurushi. Ni kidogo, hakimzidi mtu yeyote akili: ukikipa 97, kinakuandikia kwa Kifaransa nonante-sept. Vifurushi vya Paris huandika quatre-vingt-dix-sept, na mtunza hesabu wa hapa hawezi kuweka hilo kwenye risiti ya minervali, ile ada ya shule, bila mzazi kusimama na kuuliza pesa gani hizo. Nilikiandikia duka moja la dawa, nikakiweka wazi kwa wote, na sasa kinatumiwa na watu nisiowajua.

Kifurushi kikishatumiwa na watu, kila toleo jipya la lugha linakuja kwako na swali. PHP 8.1 ya Novemba 2021 ilianza kuonya pale ambapo amri ya ndani inayotaka maandishi inapewa "hakuna kitu". Kwangu hilo lilitokea kila seli ya fedha ilipoachwa tupu. Dawa ni mstari mmoja: angalia kwanza kama kuna kitu. Lakini kabla ya kuutoa lazima nihakikishe mstari huo unaeleweka pia kwa 7.4, na 8.0, na kwa lile linalokuja. Kompyuta za huduma za mbali zinanifanyia majaribio hayo kwenye matoleo yote kwa pamoja, na mimi nasubiri tu mega za intaneti ziruhusu.

Halafu linakuja swali gumu: lini uwaache wa zamani? PHP 5.6 ilikoma kupata marekebisho ya usalama tarehe 31 Desemba 2018. Nilipoamua kwamba kifurushi changu hakitaihudumia tena, mtu mmoja wa Bujumbura aliniandikia kwa uchungu: seva ya mteja wake haiwezi kubadilishwa. Nilimjibu kwamba hajanyang'anywa kitu. Ndani ya kila kifurushi kuna karatasi ndogo inayotaja matoleo ya lugha kinachoyakubali, na Composer, chombo kilichotolewa 2012 na Nils Adermann na Jordi Boggiano, huisoma kabla ya kupakua. Ikikuta kompyuta yake ina 5.6, inamchukulia toleo la zamani la kifurushi changu, lililogandishwa lilivyo. Atapata nonante-sept. Asichopata ni mimi kulitibu likiugua. Kwangu huo ni mpaka wa haki. Wapo watunzaji wakarimu zaidi wanaobeba matoleo yote, na nimeona misimbo yao: nusu yake ni "kama ni hili fanya vile, kama ni lile fanya vingine", na siku moja wanachoka na kuacha kila kitu. Heri mkarimu wa wastani aliyepo.

Nimesema yanayoninyima usingizi ni yale yasiyotoa kosa. Huu hapa mfano. Kwenye shule ile ile, mwalimu akiwa na mtoto asiyefanya mtihani huandika "abs" mahali pa alama. Programu ilikuwa na sentensi: ikiwa alama ni sawa na sifuri, mweke mtoto kwenye orodha ya kipindi cha pili, cha kurudia mtihani. Aliyeiandika hakuwafikiria kabisa watoro. Lakini PHP za zamani zilipoulizwa kama neno "abs" ni sawa na namba 0 zilijibu ndiyo, kwa sababu zililigeuza neno kuwa namba na halikuwa na namba ndani yake. Watoro wakaingia kwenye orodha kwa bahati, miaka yote, na shule ikaamini ndivyo ilivyopangwa. PHP 8.0 ilibadilisha hesabu hiyo: neno si sifuri tena. Ni sahihi, hata mtoto angekwambia. Ila watoro wote wangetoweka kwenye orodha ya kipindi cha pili bila onyo, bila kosa, bila ukurasa kuharibika.

Hawakutoweka, kwa sababu nina darasa la uongo. Ni watoto wa kubuni ninaowaingiza kwenye kila programu ya shule kabla ya kuihamisha: mmoja ana é katika jina, mmoja ana N', mmoja ana jina la ukoo na la ubatizo tu bila lile la kati, mmoja ana "abs" masomo yote, mmoja amepata asilimia mia. Nachapa buletini zao kwenye lugha ya zamani, nachapa kwenye mpya, nazilinganisha herufi kwa herufi. Vipo vyombo vinavyosaidia pia. Rector ya Tomas Votruba inaweza kupitia msimbo na kuandika upya sentensi za zamani kwa sarufi mpya, na inafanya kwa dakika kazi ambayo mimi ningeifanya kwa wiki. Lakini Rector haijui kwamba katika shule ya Bel-Air "abs" ni mtoto aliyekuwa na malaria siku ya mtihani. Darasa la uongo linajua.

Kila ninapoleta bili ya kazi hii nakutana na swali lile lile. "Mama, programu tuliinunua. Inaoza?" Mwanzoni nilikuwa najieleza kwa nusu saa. Sasa naandika kwenye mkataba, mstari wa pili, kiasi cha kila mwaka cha kuihamisha, na ninasema wazi kwamba asiyelipa atabaki na programu yake ilivyo na atalipa mara nne siku kompyuta itakapoungua. Baadhi wanakubali. Mwenye duka moja la dawa alikataa, akafunga kompyuta yake isiguse intaneti, na programu yake ya PHP 5.3 inaendelea kuuza paracetamol bila shida yoyote. Sina hoja ya kumshinda, isipokuwa kwamba vipuri vya kompyuta ile havipatikani tena.

Kazi iliyo mezani sasa ni utf8_decode. Kwa kuwa FPDF haisomi UTF-8, sote tulizoea kupitisha majina kwenye amri hiyo ili é zirudi kwenye mtindo wa zamani kabla ya kuchapwa. Nami niliiweka kila mahali nilipokuwa namtibu Désiré kwa kuhamishia majina UTF-8. PHP 8.2, ya Desemba 2022, imeanza kuonya kwamba itaondolewa, na imepangwa iondoke katika PHP 9. Mbadala upo, mb_convert_encoding, ila unahitaji kiongezi ambacho kompyuta za mafundi wetu wakati mwingine hazina, kwa hiyo naangalia kila mashine moja moja. Shule ya Papa Prefe imekwisha. Zilizobaki zinangojea likizo kubwa ya Julai, na maonyo nimeyaacha wazi kwenye zote, yanaandikwa kwenye faili ambalo nalisoma kila Ijumaa.